Kwa Nini Seli Nyingine za Mmea Hazina Kloroplasti: Mwongozo wa Kujionea kwa Hadubini

Mchoro wa seli ya mmea uliomo katika karibu kila kitabu cha biolojia cha sekondari huonyesha ukuta, kiini, vakuoli kubwa (mfuko wa maji ndani ya seli) na kloroplasti kadhaa, yaani vijiumbo vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa kutumia mwanga, na mwanafunzi akishaukariri huamini kwamba kila seli ya mmea iko hivyo. Siku ya kwanza maabara hupewa kitunguu maji, huchungulia asione hata chembe moja ya kijani, na akiuliza hujibiwa kwa sentensi moja: kitunguu hukaa ardhini, hakipati mwanga. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya jibu. Seli zinazopigwa na mwanga kuliko zote katika mmea, yaani zile za ngozi ya juu ya jani, nazo kwa kawaida hazina kloroplasti, au huwa na chache ndogo zisizo na uzito wowote katika kazi ya kutengeneza chakula. Mwongozo huu umepangwa ili jibu la mwanga lijaribiwe kwanza, lishindwe mbele ya macho ya mchunguzi, kisha jibu kamili lijengwe kutokana na kile alichokiona mwenyewe.

Vifaa vya kuandaa

Inatosha hadubini ya kawaida ya shule inayokuza mara 100 na mara 400, vioo vya slaidi na vifuniko vyake, wembe mpya, koleo ndogo, maji safi na iodini. Kama maabara haina iodini, ile ya kahawia inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda huweza kutumika ikizimuliwa kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kwa upande wa mimea, tafuta kitunguu maji, kiazi mviringo, nyanya iliyoiva, mbegu za choroko au maharage, na mmea wa jamii ya Commelina, ule wenye maua madogo ya buluu unaotambaa mashambani na ambao wakulima wa Kenya ya kati huuita mukengeria. Ukiukosa, ule wa zambarau unaopandwa kwenye vyungu vya maua, Tradescantia, unafaa vilevile. Anayeishi karibu na ziwa au bwawa na atafute pia jani la Hydrilla, gugu la majini lipatikanalo katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika.

Choroko zioteshwe mapema, wiki moja kabla ya siku ya uchunguzi: mkebe mmoja uwekwe dirishani na mwingine ndani ya kabati lenye giza totoro, yote miwili ikimwagiliwa kwa kiasi kilekile. Viazi viwili navyo vitengwe, kimoja gizani na kingine dirishani, lakini hivi vipewe wiki mbili.

Hatua ya kwanza: kitunguu

Kata kitunguu vipande vinne, chukua gamba moja nene la ndani, na kwa koleo uvute utando mwembamba ulioko upande wake wa ndani. Utandaze juu ya tone la maji bila kuuacha ukunjike, ufunike, kisha uangalie kwa ukuzaji wa mara 100. Utaona seli ndefu zilizopangwa kama matofali, kuta zake zikiwa wazi na kila moja ikiwa na kiini chake pembeni. Ukitia tone la iodini, viini hugeuka rangi ya manjano au hudhurungi na kuonekana vizuri zaidi, lakini hakuna kitakachogeuka buluu-nyeusi. Wengi hushangaa hapo, kwa sababu walitarajia kwamba kiungo cha kuhifadhi chakula lazima kiwe na wanga. Kitunguu huhifadhi sukari na jamii ya sukari zilizoungana ziitwazo fruktani, wala si wanga.

Sasa turudi kwenye lile jibu la ardhini. Mkulima wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, anajua kwamba kitunguu kinapokomaa sehemu kubwa yake hutokeza juu ya udongo. Magamba yake ni sehemu za chini za majani, zilizonenepa kwa ajili ya kuhifadhi. Kinachozikinga seli za ndani na mwanga ni magamba ya nje zaidi kuliko udongo, na magamba ya nje yakiachwa juani muda mrefu huweza kupata ukijani. Kwa hiyo ni kweli kwamba mwanga una sehemu yake katika habari hii, lakini hoja ya ardhi peke yake haitoshi kuieleza hata seli hii ya kwanza.

Hatua ya pili: ngozi ya jani

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na inastahili kupewa muda mrefu. Chukua jani la Commelina, likunje upande wa chini ukiwa nje, kisha lichane kwa mshazari taratibu. Penye mchaniko utaona utando mwepesi usio na rangi umebaki ukining'inia. Kata kipande chake kidogo kwa wembe na ukiweke kwenye tone la maji kabla hakijakauka.

Kwa ukuzaji wa mara 100, uwanja wote utajaa seli kubwa zilizo angavu, nyeupe kabisa. Katikati yake, hapa na pale, zitatokea jozi za seli ndogo zenye umbo la figo, zikitazamana na kuacha tundu baina yake. Hizo ni seli linzi za stomata, yaani matundu ya hewa ya jani. Panda hadi ukuzaji wa mara 400 na uzitazame kwa makini: ndani yake mna chembe za kijani zilizo dhahiri, ilhali seli saidizi zinazozizunguka, ambazo kwa Commelina huwa sita, hazina ukijani wowote. Tia iodini na usubiri dakika chache. Mara nyingi chembe zilizo ndani ya seli linzi hugeuka buluu-nyeusi, kwa sababu kloroplasti zake huhifadhi wanga, na jirani zake hubaki kama zilivyokuwa.

Hapa ndipo jibu la mwanga linapovunjika. Seli mbili zimegusana, zimo katika tabaka moja la jani moja, zimepata mwanga uleule kwa saa zilezile, zina jeni zilezile. Moja ina kloroplasti na nyingine haina. Tofauti haiwezi kuwa mwanga. Tofauti ni kazi. Seli linzi hufungua na kufunga tundu la hewa, na kloroplasti zake zinashiriki katika kazi hiyo kwa kutoa nishati na kwa kuhifadhi wanga unaoweza kuvunjwa haraka stomata zinapotakiwa kufunguka. Seli za ngozi zilizobaki zina kazi nyingine: kutengeneza nta inayozuia maji yasipotee, kunyonya sehemu ya miale ya urujuanimno isiwadhuru walio chini, na kuupitisha mwanga uliobaki hadi kwenye mesofili, tabaka la ndani la jani lenye kloroplasti nyingi, kama kioo cha dirisha.

Mwanafunzi makini ataendelea kuuliza: je, kuna hasara gani seli ya ngozi ikifanya kazi hizo zote na kutengeneza chakula pia? Hasara zipo, na ni mbili zilizo nzito. Kwanza ni gharama. Kloroplasti hula naitrojeni nyingi, kwani sehemu kubwa ya naitrojeni ya jani, takribani robo tatu, imefungwa ndani yake, na kimeng'enya kimoja tu, rubisko, huweza kuwa karibu nusu ya protini yote iyeyukayo ya jani. Mmea unaotafuta naitrojeni kwa shida kwenye udongo uliochoka hauna sababu ya kuipeleka mahali isipozalisha. Pili ni hatari. Seli ya ngozi imefunikwa na nta, na kabonidayoksaidi huingia jani kupitia stomata na kuenea katika nafasi za hewa za ndani, ambako ndiko seli za mesofili ziliko. Klorofili, yaani rangi ya kijani inayonasa mwanga, inayopokea jua kali pasipo kabonidayoksaidi ya kutosha huishia kuzalisha aina za oksijeni zenye kuunguza utando na protini za seli. Kuwa na mtambo wa kunasa mwanga mahali pasipo na malighafi ni kujitakia madhara.

Kama umepata jani la Hydrilla, lilaze zima juu ya slaidi bila kulimenya. Ni jembamba mno, tabaka mbili tu za seli. Utaona kloroplasti katika seli za ngozi yenyewe, na ukitulia kidogo zitaonekana zikizunguka ndani ya seli kwa kufuata mkondo wa sitoplazimu. Mmea huu umezama majini, hauna haja ya nta nene ya kuzuia kukauka, wala hautegemei stomata. Kabonidayoksaidi huufikia kutoka kwenye maji yanayoigusa ngozi, na kwa kuwa gesi husafiri polepole sana majini, mahali pazuri pa kuweka kloroplasti ni nje kabisa. Mazingira yalipobadilika, mgawanyo wa kazi ulibadilika nao. Kwa maoni yangu jani hili linafundisha zaidi kuliko kurasa nyingi za maelezo, na ni jambo la kusikitisha kwamba shule zilizo kando ya ziwa hununua slaidi zilizotengenezwa tayari huku gugu lenyewe likioza ufukweni.

Hatua ya tatu: tafuta plastidi isiyo ya kijani

Kusema kwamba seli haina kloroplasti si sawa na kusema kwamba haina plastidi, ambalo ni jina la jamii nzima ya vijiumbo ambamo kloroplasti ni aina moja tu. Kila seli changa katika ncha ya mzizi au ya shina huwa na proplastidi, vijiumbo vidogo visivyo na rangi, na kutokana na hizo ndimo zinamotokea aina zote nyingine kulingana na seli inakua kuwa nini. Mwaka 1883 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Andreas Schimper, alieleza kwamba plastidi haziundwi upya kutoka kwenye sitoplazimu, bali hutokana na plastidi zilizotangulia kwa kugawanyika. Leo tunajua sababu: asili yake ni bakteria waliokuwa wakifanya usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga), waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado zina DNA yake ndogo. Hata hivyo protini nyingi zinazozijenga zinaamriwa na jeni zilizo katika kiini, na ndiyo maana kiini cha seli ndicho chenye kauli ya mwisho kuhusu plastidi zigeuke kuwa nini.

Rudi kwenye utando wa Tradescantia au Commelina, chagua seli moja ya ngozi iliyo angavu, na upunguze mwanga wa hadubini kwa kufinya kiwambo. Kukizunguka kiini utaona vijichembe ving'aavyo visivyo na rangi vilivyojikusanya kama ushanga. Hizo ni leukoplasti. Anayetumia mmea wa zambarau aangalie asidanganyike: rangi ile iliyosambaa seli nzima imo katika maji ya vakuoli, haimo ndani ya plastidi.

Kwenye kiazi, kwangua sehemu ya ndani kwa ncha ya wembe na uchanganye ukwanguo huo na tone la maji. Chembe za wanga zitajaa, kubwa kwa ndogo, zenye miviringo iliyopandana ndani yake, na iodini itazigeuza buluu-nyeusi papo hapo. Kila chembe ilitengenezwa ndani ya amiloplasti, plastidi iliyojikita katika kuhifadhi. Sasa chukua kile kiazi kilichokaa dirishani, kata kipande chembamba sana chini ya ganda, na ukilinganishe na kilichokuwa gizani. Kilichopata mwanga kitakuwa na chembe za kijani katika tabaka za juu: plastidi zilizokuwa za wanga zimegeuka kuwa kloroplasti. Kiazi mviringo ni shina lililonenepa, na seli zake hazikupoteza uwezo huo. Vipande vya kiazi hicho visiliwe wala visirudishwe jikoni, kwa kuwa mwanga uleule huongeza solanini, ambayo ni sumu, ingawa ukijani wenyewe si sumu.

Nyanya inaonyesha safari ya upande wa pili. Ilipokuwa mbichi ganda lake lilikuwa na kloroplasti. Inapoiva, klorofili huvunjwa, likopini, rangi nyekundu ya nyanya, hujilimbikiza, na kloroplasti hugeuka kuwa kromoplasti. Ponda kidogo nyama iliyo chini ya ganda, funika taratibu, na utaona chembe nyekundu ndani ya seli kubwa za mviringo. Mabadiliko haya si lazima yaende sambamba na utamu. Machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, huiva huku ganda likiwa bado na ukijani, kwa sababu ganda la chungwa huhitaji ubaridi wa usiku ili liipoteze klorofili yake, na nyanda za chini za pwani hazina ubaridi wa kutosha. Mnunuzi anayelikataa chungwa la kijani kwa kudhani ni bichi anasoma plastidi za ganda na kuzisingizia zile za ndani.

Hatua ya nne: choroko za gizani

Toa ile mikebe miwili na uiweke pamoja. Choroko za gizani zitakuwa ndefu, dhaifu, zenye majani ya manjano yaliyokunjamana. Kata kipande kidogo cha jani hilo uone: hakuna ukijani, lakini plastidi zimo, katika hali inayoitwa etioplasti. Mimea yote itoayo maua hutumia kimeng'enya kinachohitaji mwanga ili kukamilisha utengenezaji wa klorofili, kwa hiyo gizani kazi hukwama hatua moja kabla ya mwisho. Misonobari haina kizuizi hicho, na miche yake huweza kupata ukijani hata gizani. Uweke mkebe wa manjano dirishani asubuhi. Dalili za ukijani huanza kuonekana ndani ya saa chache, na kufikia kesho yake tofauti haihitaji tena hadubini.

Hapa jibu la mwanga linapata nafasi yake halali. Mwanga ni sharti kwa seli ambayo kazi yake ni kuwa ya kijani. Hauwezi kuilazimisha seli ambayo imepangiwa kazi nyingine.

Mzizi unalithibitisha hilo. Ukiotesha choroko katika chupa ya kioo yenye maji na kuiweka juani, mizizi itapata mwanga mchana kutwa, lakini kwa kawaida hubaki myeupe au hupata ukijani hafifu tu. Uchunguzi uliofanywa kwa Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana na watafiti, umeonyesha kwamba homoni ya auksini inayoshuka kutoka kwenye shina huzuia mizizi isigeuke kijani, na mzizi ukitenganishwa na shina lake ukijani huongezeka. Katika ncha ya mzizi plastidi zina kazi nyingine kabisa: amiloplasti zilizojaa wanga huzama upande wa chini wa seli, na hivyo mzizi hutambua upande wa kuelekea. Mzizi wa vanila unaoning'inia hewani, kama ionekanavyo kwenye mashamba ya Uganda na Kagera, huwa na ukijani, kwa maana mmea huo hukwea miti na sehemu hiyo ya mzizi huishi mwangani.

Hatua ya tano: mambo ya kupita haraka

Zipo seli zisizo na kloroplasti kwa sababu hazina chochote ndani. Mirija ya zailemu hupitisha maji ikiwa imekwisha kufa. Imebaki kuta tupu. Mirija ya floemu iko hai, lakini imepoteza kiini, na plastidi chache zilizomo hazina klorofili, kwani njia ya kupitishia sukari haitakiwi kujazwa vitu.

Zipo pia zilizokosa kloroplasti kwa hitilafu ya jeni, kama zile za mabaka meupe ya majani ya mapambo, au za mche wa mahindi unaochomoza mweupe pe. Mabaka hulishwa na sehemu za kijani zilizo jirani. Mche mweupe hauna jirani wa kumlisha, hivyo hufa akiba ya mbegu inapokwisha. Na zile nyuzi za manjano za Cuscuta zinazofunika ua wa nyumba ni mmea mzima ulioacha karibu kabisa kujitengenezea chakula, kwa kuwa unanyonya kutoka kwa mmea ulioutambalia.

Namna ya kuchora na kujibu

Unapochora, andika jina la mmea, sehemu ulikotoa seli, na ukuzaji uliotumia. Usichore kloroplasti usiyoiona, hata kama mchoro wa kitabuni unayo. Wasimamizi wengi wa mitihani ya vitendo hutambua mara moja mchoro uliotolewa kichwani. Kloroplasti nyingi zina upana wa mikromita 5 hadi 10, kwa hiyo kwa ukuzaji wa mara 400 haziwezi kujificha kama zipo, alimradi umerekebisha lenzi vizuri na kipande chako si kinene.

Swali likiuliza kwa nini seli fulani haina kloroplasti, anza kwa kutaja kazi ya seli hiyo, kisha ueleze kwa nini usanisinuru haufai au hauhitajiki hapo, na kama inajulikana utaje plastidi iliyochukua nafasi yake. Kwa ngozi ya juu ya jani, kwa mfano, jibu linaloweza kusimama ni hili: seli hizi hukinga jani na kupitisha mwanga hadi kwenye mesofili, zimefunikwa na nta na haziko karibu na nafasi za hewa za ndani ya jani, na plastidi zake nyingi ni leukoplasti. Suala la mwanga litajwe tu pale ambapo ndilo linaloamua kweli, kama kwa jani la choroko lililooteshwa kabatini au kiazi kilichohifadhiwa gizani.